Wageni Niliowapoteza kati ya Thimlich na Mfangano

Mmeniomba niandike. Wiki ile niliyostaafu mlinijia, nyinyi watembeza wageni wa sasa wenye vitambulisho vya kuning'iniza shingoni na viatu vya kupandia milima, mkasema, "Mzee Barnaba, tuachie kitu." Nilidhani mnataka kofia yangu. Mlipofafanua kwamba mnataka maandishi nilishusha pumzi, maana kofia bado naihitaji.

Kuhusu vyeo sina la kusimulia. Nilianza kazi nikiwa mtembeza wageni na nimeimaliza nikiwa mtembeza wageni mwenye magoti mabovu. Nitaandika kazi yenyewe nilivyoifanya, na kwa kuwa mambo mengi niliyafanya vibaya kwanza, mkisoma mtajiepushia angalau michubuko.

Nilikuwa nauza mbegu na dawa za mifugo dukani Uriri. Mteja wetu mmoja, Jakobo, alikuwa na gari la kubeba watalii mjini Migori. Siku moja alinisikia nikimwelekeza mgeni njia ya Karungu kwa Kiingereza. Kiingereza changu kilikuwa na makosa mengi lakini hakikuwa na haya hata kidogo, na Jakobo akaona hicho ndicho anachokitafuta.

"Thimlich Ohinga unaijua?" akaniuliza.

"Thimlich? Hapo ni nyumbani kabisa."

Sikuwa nimewahi kufika. Boma lile la mawe nililisoma shuleni, nikajibu swali lake kwenye mtihani, tena nikalipata, lakini kulifikia kwa miguu yangu, hapana. Nadhani wengi wenu mnanielewa.

Jumatatu iliyofuata nilipewa wageni wawili kutoka Nakuru, mume na mke, na yule mke alikuwa nesi. Njia nzima nilisoma kijitabu nilichokificha ndani ya kofia. Tulipofika nikaziona zile kuta: jiwe juu ya jiwe, ndefu kunizidi, zimepangwa bila udongo wala saruji na zimesimama hivyo karne kadhaa. Nilitaka kupiga kelele. Lakini mtu aliyesema ni nyumbani hawezi kushangaa, kwa hiyo niliwageukia wageni, nikanyoosha mkono kwa madaha, nikasema "Karibuni," kisha nikaingia langoni kinyumenyume.

Lango lile ni fupi. Mtu mzima huinama hadi karibu na magoti. Mimi nilipiga kisogo kwenye jiwe la juu, nikajikuta nimekaa chini, na damu inanitiririka shingoni. Nesi alifungua mkoba wake, akanisafisha, akanifunga bendeji. Katika muda wa dakika tano za kazi yangu ya kwanza, mgeni alikuwa amenihudumia zaidi kuliko nilivyomhudumia.

Kuna mtu alicheka. Alikuwa mama wa makamo aliyevaa gambuti, panga la kufyekea nyasi mkononi. Alifanya kazi ya kusafisha ndani ya boma, na watu wote walimwita Nyar Kadem, binti wa Kadem, kwa sababu huko ndiko alikozaliwa.

"Hii mlango ilijengwa fupi ndio adui aingize kichwa kwanza, apigwe," alisema. "Sasa wewe ni adui ya nani?"

Wageni walicheka hadi nesi akapoteza mkasi wake kwenye nyasi. Kuanzia hapo walimfuata yeye. Aliwaonyesha mahali ng'ombe walipolala, mahali wahunzi walipofulia chuma, na jinsi ukuta unavyopinda ili uzito wake ujishike wenyewe. Mimi nilitembea nyuma, kichwa kimefungwa, nikisikiliza kama mgeni wa tatu. Tulipoachana yule mume alinishika mkono akasema nimewafanyia jambo jema sana kuwatafutia yule mama.

Jumatano nilirudi peke yangu na kilo mbili za sukari.

"Mama, nifundishe."

"Nikufundishe nini? Kuinama?"

"Na hiyo pia."

Ndivyo nilivyopata mwalimu. Aliniita jatelo, neno la Dholuo la mtu anayetangulia njia, na kila mara alilitamka kwa namna iliyonifanya nigeuke kutazama kama kweli kuna anayenifuata. Alinionyesha vijiwe vidogo vilivyokabwa katikati ya mawe makubwa. Mgeni akichomoa kimoja cha kwenda nacho nyumbani, ukuta unaanza kulegea pale, kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ni kuangalia mikono ya watu, si nyuso zao. Alinipa fimbo, akaniambia nigonge nyasi kabla ya kukanyaga. Alinifanya nibebe chupa mbili za maji, moja yangu na moja ya mgeni aliyesema haoni haja ya maji. Leso aliisifu kuliko vifaa vyote: unamkalisha mgeni juu yake, unamfunika, unamfunga mkono aliouvunja. Filimbi nilijinunulia mwenyewe kwa sababu nilipenda jinsi ilivyoning'inia kifuani.

Lakini somo kubwa alinipa siku niliyosema uongo. Nilikuwa na bwana mmoja mwenye daftari, aliyeuliza kila kitu. Aliponionyesha tundu dogo ukutani na kuuliza lilikuwa la nini, sikujua, na kutojua kuliniuma. Nikamwambia wazee waliweka tumbaku humo. Akaandika. Nilipoona ameandika nikanogewa, nikaongeza kwamba mke mkubwa ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuichukua. Akaandika na hilo.

Gari lilipoondoka Nyar Kadem alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hiyo ya tumbaku umeitoa wapi?"

"Kichwani."

"Kichwa ileile iligonga jiwe?" Akaelekeza panga barabarani. "Kimbia."

Nilikimbia. Jakobo aliniona kwenye kioo karibu na njia panda, akasimama. Yule bwana alidhani amesahau kamera, akaanza kupekua mabegi yake. Nikamwambia, huku nikihema, kwamba tumbaku si kweli, mke mkubwa si kweli, na tundu lile sijui ni la nini. Alinitazama kwa huzuni. "Katika yote uliyoniambia leo," alisema, "hilo tu ndilo nililolipenda." Akalifuta. Tangu siku hiyo nimesema "sijui" mbele ya wageni mara nyingi kiasi kwamba wengine waliuliza kama kuna mwingine wanayeweza kumpata.

Baadaye Jakobo alipanua safari zetu. Tulianza kwenda siku tatu kwa pamoja: Thimlich, mbuga ya Ruma, ufuo wa ziwa upande wa Homa Bay, kisha boti kutoka Mbita hadi kisiwa cha Mfangano. Nilijishonea sare, shati la bluu kali lenye mifuko minne, ili nionekane mtu wa serikali. Mtu yeyote wa bonde la Lambwe, ilipo mbuga ya Ruma, angeniambia kwamba mbung'o wanapenda bluu kuliko rangi zote. Hakuna aliyeniambia, au waliniambia nikiwa nashughulika kufunga vifungo. Siku ile Ruma mbung'o walimwacha kila mtu, wakanijia mimi. Wageni walipiga picha chache za wanyama na nyingi sana za mgongo wangu.

Kwenye ziwa dogo la Simbi Nyaima niliwaahidi watu wa kanisa moja kutoka Kisii maelfu ya heroe, ndege wale warefu wa rangi ya waridi. Wiki iliyotangulia ziwa lote lilikuwa limejaa. Tulipofika alikuwepo mmoja, amesimama kwenye maji ya chumvi kama aliyeachwa na gari. Tulimtazama robo saa. Mama mmoja akauliza kwa upole kama huyo ndiye maelfu. Jamani, msiahidi kitu chenye mbawa.

Mtaniuliza kwa nini sikufukuzwa. Jakobo alisema wageni wangu walirudi wakicheka, na hilo lilimtosha. Pia nilikuwa Msabato, sifanyi kazi Jumamosi, siku ambayo watalii ni wengi kuliko zote, kwa hiyo kila wiki nilikuwa na siku moja ya kutoharibu kitu.

Sasa nifike kwa Mzee Marwa, maana huyu sikucheka naye mwanzoni.

Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi na nimeshajiona fundi. Robi, mwalimu wa shule ya msingi Isebania, alitupigia simu akasema anataka kumtembeza baba yake siku tatu. Mzee Marwa alikuwa dereva wa lori mstaafu, Mkuria mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Alikuwa na presha ya macho. Daktari alikuwa amewaambia kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki hakitakaa sana.

"Kijana," aliniambia asubuhi ya kwanza, nami nina mvi, "hii barabara nimeipita na mizigo maisha yangu yote. Migori, Homa Bay, Kendu Bay. Nilikuwa naangalia lami tu. Sasa nataka kuangalia pembeni kabla taa hazijazima."

Thimlich ilikwenda vizuri. Aliinama langoni bila kuambiwa. Ruma aliona twiga, akamwamkia. Siku ya tatu tulivuka hadi Mfangano kwa ajili ya michoro ya kale, ile miduara nyekundu na nyeupe iliyochorwa kwenye mwamba juu mlimani na watu waliokaa kisiwani kabla ya wote tunaowajua. Hiyo ndiyo Mzee Marwa aliyoitaka kuliko zote. Robi aliniambia kwenye boti kwamba baba yake alikuwa akiitaja tangu nyumbani.

Kule kisiwani tulikuwa na utaratibu wa kupanda na mwenyeji. Mwenyeji wetu siku ile alituma ujumbe kwamba yuko mazishini, tumngoje kwa muda wa saa moja. Nilitazama saa. Nilitazama wingu. Nilitazama kifua changu, pale ilipokuwa filimbi.

"Hakuna haja ya kungoja," nilisema. "Njia naijua. Tena kuna ya mkato."

Njia ya mkato nilikuwa nimeiona mara moja, kwa chini. Tulipanda. Baada ya nusu saa vichaka vilikuwa vya namna moja kila upande, na mvua ikashuka ghafla kama inavyoshuka ziwani. Mwanga ulipopungua Mzee Marwa alisimama. Kwa macho yake, wingu lilikuwa kama mtu amemfunika blanketi. "Mimi sioni tena," alisema, si kwa hofu, kama anayetoa habari. Niliharakisha kwenda kumshika mkono, nikateleza, na mguu wangu ukaingia katikati ya mawe mawili. Nilisikia kifundo kikilia.

Nilipuliza filimbi. Ilikuwa imejaa maji. Ilitoa sauti ya kifaranga. Robi alikuwa amemkumbatia baba yake, na nyuma yao mlima ulikuwa unashuka mahali nisipopaona. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilikuwa nimemleta mzee asiyeona mahali ambapo hatua moja mbaya ingemuua, kwa sababu sikutaka kukaa saa moja bila kuonekana mjuzi.

"Nyamazeni," alisema Mzee Marwa. Akainamisha kichwa. "Kuna mashine ya kusaga huko chini. Mnasikia? Penye mashine pana watu." Akaketi kwenye tope, akajivuta mbele kwa makalio, visigino vimechimba ardhini. "Mteremko ni mteremko. Unashuka kwa gia ndogo, huachii breki. Robi, kaa nyuma yangu, uniambie jiwe likiwa mbele. Wewe kijana ni taniboi. Kaa mwisho, shika mti kila ukiupata."

Taniboi, kwa asiyejua, ni yule msaidizi wa dereva wa lori anayeshughulika na matairi na matope. Hivyo ndivyo tulivyoshuka Mfangano: mzee asiyeona mbele akituongoza kwa masikio, binti yake akiita "jiwe kushoto, baba," na mtembeza wageni aliye na uzoefu wa miaka mingi akiburutika nyuma kwa mguu mmoja, huku akipigiwa kelele, "Taniboi, shika breki!"

Tulipita kwenye ua wa mimea tukatokea katikati ya bustani. Tuliangukia mchaichai. Mwenye bustani, Mama Dorka, mkunga mstaafu, alitoka na mwavuli akatutazama mmoja mmoja.

"Nani hawa wanaingia kwa mtu kupitia juu?" aliuliza.

Bustani yake niliijua. Nilikuwa nimepita nje ya lango lake mara nyingi nikiwaambia wageni ni shamba tu. Alikuwa amejenga ngazi za mawe hadi karibu na maji, na kila ngazi ina mimea yake: mrehani, mnanaa, mizizi ya kuchemsha, maua ya kila aina, majina yameandikwa kwa rangi kwenye vipande vya sahani zilizovunjika. Alitukalisha barazani, akanipondea majani, akanifunga kifundo kwa leso yangu mwenyewe. Kisha akamwona Mzee Marwa anavyopapasa kikombe cha chai. Alichuma jani, akalifikicha, akampa anuse. Akachuma jingine. Mvua ilipokwisha Mzee alikuwa na majani kumi na mawili mapajani na alikuwa anayataja kwa mpangilio.

Nilimwita Robi kando, nikamwambia kweli: njia ile sikuijua.

Hakunikaripia. Ingekuwa nafuu. "Mzee Barnaba," alisema, "baba amebakiza siku chache za kuona. Leo umetumia moja kumwonyesha matope."



Mama Dorka alitulaza kwake. Asubuhi jua lilitoka safi, na yule mwenyeji wetu akaja. Walipanda wao watatu, mimi nikabaki barazani, mguu juu ya kigoda, nachambua dengu za Mama Dorka. Ziara bora kuliko zote nilizowahi kupanga, sikuwepo.

Robi alinisimulia waliposhuka. Baba yake alisogeza uso hadi ikabaki nafasi ya kiganja tu kati yake na mwamba. Alikaa hivyo muda mrefu, hakugusa, kidole kikizunguka hewani kufuata duara. Mwenyeji hakusema neno, na yeye Robi alishukuru sana kwa hilo, nikaelewa alichomaanisha. Mwishowe Mzee alisema, "Nyekundu nimeipata. Nyeupe imenikimbia." Akacheka, kisha akalia kidogo, kisha akataka kushuka kwa miguu yake mwenyewe.

Nilipompelekea Nyar Kadem habari hizi alicheka hadi akaweka panga chini. Nilipofika kwenye maneno ya Robi akaacha kucheka. "Sasa ndio umeanza kazi," alisema, akarudi kwenye nyasi zake.

Nilibadilika kidogo, si sana. Sikupanda tena bila mwenyeji, hata kilima cha kichuguu. Bustani ya Mama Dorka niliiweka kwenye safari, na mchaichai niliupanda upya kwa mikono yangu. Niliendelea kupoteza watu hapa na pale, lakini ardhini penye usawa. Na nilijifunza kunyamaza, somo lililonichukua miaka kwa sababu nilijifunza huku nikizungumza.

Safari yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa mwezi uliopita. Robi alipiga simu. Baba yake haoni kabisa sasa, hata mwanga, na hataki mwamba wala mbuga. Anataka tu kukaa kwenye bustani ile ya Mfangano.

Tulikwenda. Mama Dorka amezeeka lakini bado anachuma. Mzee Marwa alipita ngazi kwa ngazi, mkono mmoja begani kwa binti yake, akitaja mimea kabla ya kufikishiwa puani. Tulipofika ngazi ya chini kabisa, karibu na maji, aliketi kwenye jiwe, nami nikaketi kando yake. Robi na Mama Dorka walienda kumtafutia kiti. Tukakaa tukisikia mawimbi.

"Kijana," alisema, "ziwa leo lina rangi gani?"

"Bluu, mzee."

"Hiyo umesema bila kuangalia."

Ni kweli. Ziwa lile nimewaonyesha watu maisha yangu yote ya kazi, nikilipa mgongo ili niwatazame wao wakishangaa. Niligeuka, nikaangalia. Ilinichukua muda. Nikamwambia kwamba hapa miguuni maji ni kama chai ya maziwa, yana povu dogo. Mbele kidogo yanakuwa kijani kwa sababu gugumaji limeshika mkono mzima wa ghuba, na juu yake anatembea ndege mweupe, mmoja, ananyanyua miguu kama anayeogopa kulowa. Kisha kuna mstari wa kijivu ambao upepo unausukuma huku. Na kule mwisho kabisa, pale visiwa vinapofifia, sikuwa na jina la rangi yake, kwa hiyo nilimwambia sina.

Alikuwa amenielekezea sikio, mikono imetulia mapajani.

"Endelea," alisema.